Kiangazi cha Glisirini

Msonyo ule ulianza taratibu, kama upepo unaotoka kwenye tairi la baiskeli, ukarefuka, ukapanda kidogo, kisha ukakatika ghafla kana kwamba aliyeutoa amekumbuka kazi nyingine. Nilikuwa nimesimama mlangoni mwa chumba nilichokuwa nimekipanga siku iliyotangulia mjini Gisenyi, kando ya ziwa, mwezi wa Juni, nikiwa nimetumia dakika hamsini na tano za asubuhi kuuremba uso wangu, na aliyesonya alikuwa mwenye nyumba, Mama Furaha, aliyekuwa ameketi uani na ungo wa sambaza, samaki wadogo wa ziwani, mapajani. Sikuwa nimewahi, kabla ya hapo, kusonywa na mtu nisiyemjua. Kwa kuwa nina tabia ya kuyaainisha mambo hata yanaponiumiza, nilibaki pale nikifikiri: upo msonyo wa dharau, upo wa uchovu, na upo ule ambao mtu huutoa akiona kitu kizima kimeharibiwa na mwenyewe. Niliamua kwamba huu ulikuwa wa tatu, uamuzi ulionifariji kwa sekunde chache.

“We mutoto,” akasema bila kuinuka, “ulipaka nini ku sura? Uko sawa na mandazi yenye haijaingia mu mafuta.”

Nikamjibu, kwa Kiswahili changu cha shule za Tanzania, kwamba ni fondeshen inayodumu kwa saa kumi na mbili, na kwamba juu yake nimeifunga kwa poda.

“Saa kumi na mbili,” akarudia, huku akitoa kijiti katikati ya samaki. “Na jua ya hapa umeiambia?”

Nayaandika haya kwa sababu mwezi uliopita tulikutana tena, Mama Furaha, Clarisse tuliyempamba siku ya harusi yake, na mimi, kwenye ubatizo wa mtoto wa tatu wa Clarisse, na baada ya chakula Clarisse akawasimulia wageni habari za siku ya harusi yake. Aliisimulia vizuri, watu wakashika mbavu, nami nikahesabu makosa manne. Matatu niliyasamehe. La nne lilikuwa kwamba, mambo yalipoharibika, eti “huyu Docteur alikimbia akajificha nyuma ya kanisa.” Sikukimbia. Nilicheka pamoja na wageni, nikala keki, nikarudi nyumbani, na tangu siku hiyo sijatulia, kwa sababu katika maisha yangu nimekimbia mara moja tu kwa namna inayostahili kusimuliwa, na haikuwa siku ile. Mkimbio wenyewe ulitangulia harusi kwa miezi mitatu, na bila kuueleza huo, siwezi kumsahihisha Clarisse kwa haki.

Mwezi wa Mei mwaka ule, katika chuo kimoja jijini Kigali, niliingia katika chumba chenye walimu watatu ili kulitetea pendekezo la utafiti wangu wa shahada ya uzamili. Mada yangu ilikuwa vumbi: ni kiasi gani cha udongo hupeperushwa wakati wa kiangazi kutoka kwenye mashamba ya viazi ya huku mpakani. Nilipendekeza kuweka mashambani sahani bapa zilizopakwa glisirini, ambayo hunata na haikauki upesi, na kuyapima mavumbi yaliyonaswa kila jioni. Msimamizi wangu, profesa mpole aliyesoma Dar es Salaam na aliyependa kuzungumza nami kwa Kiswahili, aliniuliza swali moja: “Utajuaje kwamba sahani imejaa?” Alitaka kujua kama sahani iliyokwisha kufunikwa na vumbi inaweza bado kunasa jingine, au kama kuanzia saa fulani ingekuwa inanidanganya. Lilikuwa swali la haki. Nilifungua mdomo, na wakati huohuo nikahisi tone la jasho likiteremka kutoka kwenye paji la uso, likachimba njia katikati ya poda kama mto unaotafuta bonde, likaangukia ukurasa wa tatu wa pendekezo langu na kuacha doa la rangi ya chai ya maziwa. Walimu wawili wakanong’onezana. Nikasema “samahani” kwa sauti ya mtu anayekwenda chooni, nikatoka, nikaenda moja kwa moja hadi kituo cha mabasi. Barua iliyofuata ilikuwa ya upole kuliko nilivyostahili: nilikuwa na muda hadi mwisho wa Agosti kuzungumza na msimamizi wangu na kuomba nafasi ya pili, la sivyo jina langu lingeondolewa. Nilichotakiwa kufanya ni kupiga simu.

Mtu mwenye akili iliyotulia angeona kwamba tatizo langu lilikuwa lile swali. Mimi niliona kwamba tatizo lilikuwa poda. Nilijenga hoja nzima, hatua kwa hatua, na hadi leo siwezi kuonyesha ni hatua ipi hasa iliyokuwa ya kipumbavu: kwamba simu ya kuomba radhi lazima iwe ya video, ili mtu aonekane kuwa yuko makini, kwamba simu ya video huonyesha uso, kwamba uso wangu ulikwisha kunisaliti mbele ya profesa huyo mara moja, kwa hiyo nisipige mpaka niwe na uso unaoweza kustahimili joto, ukavu na maswali kwa muda wa saa moja. Nikaenda Gisenyi na sahani zangu ishirini na nne kana kwamba pendekezo limekubaliwa, na katika daftari lilelile la vumbi nikafungua ukurasa mwingine wenye safu tatu: nilichopaka, saa niliyokipaka, saa kilipoharibika.

Chumba changu kilikuwa nyuma ya saluni ya Mama Furaha, na kilichotutenganisha kilikuwa ukuta wa triplai uliopakwa rangi upande mmoja tu, upande wa wateja. Alikuwa amerudi kutoka Goma, ng’ambo ya mpaka, miaka mingi iliyopita, na kazi yake ilikuwa kuwapamba maharusi; siku nyingine alisuka na kunyoa nyusi. Kupitia triplai ile niliyasikia mambo mengi ambayo sikuyahitaji, yakiwemo yanayonihusu. Siku moja mteja aliyekuwa akisukwa aliuliza, “Ule mwenye kukaa nyuma anafanyaka kazi gani?”

“Anasoma vumbi,” akasema Mama Furaha.

“Anasoma nini ya vumbi?”

“Kama iko mingi.”

Nikasikia chanuo likiwekwa mezani.

“Si angeuliza tu?”

Mama Furaha akanitetea kwa namna yake. Alisema kwamba mimi ni docteur, jambo lililokuwa uongo, na kwamba madocteur hawaulizi, wanapima. Tangu siku hiyo mtaa wote uliniita Docteur, na kila nilipoitwa hivyo niliongeza mwendo, maana sikuwa hata na uhakika wa kuendelea kuwa mwanafunzi.

Chakula cha mchana tulikula pamoja, bukari, yaani ugali, na sombe ya majani ya muhogo, na sambaza waliokaangwa mpaka wakawa wanavunjika kama biskuti. Ni mezani pale, si kwenye kiti cha saluni, nilipofundishwa, kwa sababu Mama Furaha hakuweza kula akiutazama uso wangu. Wiki ya pili alinyanyuka kabla ya kumaliza sahani yake, akaniletea sabuni, akanielekeza bombani, na niliporudi nikiwa nimejikausha akanirudisha tena. “Hapana, usipanguse yote. Sura ibaki na maji.” Hilo ndilo lilikuwa la kwanza na, nakubali sasa, la maana kuliko yote: mafuta hupakwa juu ya ngozi ambayo bado ina unyevu, kwa kuwa wakati wa kiangazi ngozi kavu ikipakwa mafuta hubaki kavu, ila inang’aa. Alichukua kijiko cha maji katika kiganja, akadondosha matone mawili ya glisirini, akayasugua viganjani na kunigusa nayo usoni kwa kubonyeza, bila kuburuza. Kisha akaniambia tungoje chai ichemke. Nilidhani ana hamu ya chai. Kumbe kungoja kule kulikuwa sehemu ya kazi, na ndiyo sehemu ambayo watu wenye haraka huiruka, halafu wakailaumu poda. Baada ya hapo mafuta ya kuzuia jua, yakiwemo ya masikioni na shingoni, kwa kuwa “jua haichaguake”. Fondeshen aliifunga kabatini mpaka mvua za Septemba. Aliniachia tone moja tu la kuficha weusi chini ya macho na pembeni mwa pua. Poda ilikwenda mahali patatu, paji la uso, pua na kidevu, kwa sifongo iliyokamuliwa mpaka ikabaki na ubaridi tu. Wanja kidogo. Rangi ya mdomo ilipakwa kwa kidole, na kilichobaki kidoleni kikaenda mashavuni, kwa hiyo hapakuhitajika kingine. Yote yalichukua dakika nne, ukiacha chai.

“Na saa sita?” nikauliza, kalamu ikiwa mkononi.

“Saa sita unakamata mouchoir, kitambaa tu, unabonyeza jasho, unatia maji kidogo. Haupake poda juu ya poda. Sura ikishajaa, yote unaongeza inaanguka mu chai ya batu.”

Niliyaandika maneno hayo kwa usahihi, pamoja na saa na joto la siku hiyo, na sikutambua kwamba mtu ameniambia kitu kuhusu sahani. Nilitambua tu kwamba mwishoni mwa Julai ukurasa wangu wa pili ulikuwa na siku kumi na moja mfululizo ambapo safu ya tatu ilikuwa tupu. Uso wangu ulikuwa tayari. Ulivuka mchana, ulivuka upepo wa ziwani, ulivuka hata safari za kwenda mashambani Cyanzarwe kwa pikipiki kuzibadilisha sahani. Sikuwa tena na sababu ya kutopiga simu, hali iliyoniogopesha kuliko jasho lolote, nikaanza kutafuta nyingine. Mtandao ulikuwa dhaifu. Mwanga wa chumba ulitoka upande mbaya. Jumatatu profesa ana vikao; Ijumaa amechoka; katikati ya wiki, mtu anayepigiwa simu hujiuliza kwa nini hakupigiwa Jumatatu.

“Docteur,” Mama Furaha, ambaye nilikuwa nimekwisha kumsimulia habari za profesa, aliniambia siku moja akinikuta nimeiegemeza simu kwenye birika na kuitazama, “ile muzee anajuaka kusikia?”

“Anasikia vizuri.”

“Bon. Sasa wewe unatafuta macho yake ya nini?”

Niliandika kwenye daftari kwamba hoja yake ilikuwa na nguvu, nikaifunga simu.

Harusi ya Clarisse iliangukia katikati ya Agosti, msimu ambao Jumamosi moja hugombewa na maharusi watatu. Clarisse alikuwa mwalimu wa shule ya watoto wadogo, mwenye sauti ya kuamrisha hata anapoomba chumvi. Nyumbani kwao kulikuwa Cyanzarwe, na ibada ilikuwa katika kanisa la Nyundo. Mama Furaha alinichukua nikamsaidie kushika kioo na beseni. Alimwosha uso Clarisse mwenyewe, na akiwa ndiyo kwanza amemaliza, wakaja kumwita: shangazi wa bibi harusi alikuwa amelivaa vazi lake la mushanana, shuka inayofungwa juu ya bega moja, likimwangukia bega lisilo sahihi na hakuna aliyethubutu kumwambia. Mama Furaha akaniachia chupa. “Paka yeye ile maji ya glisirini, kidogo. Nakuja.”

Hapa naomba msomaji anifuate polepole, kwa kuwa hesabu yangu ilikuwa safi. Cyanzarwe iko juu kuliko mjini, na hewa yake siku ile ilikuwa kavu zaidi. Safari ya mpaka Nyundo ingechukua karibu saa nzima. Maji hukauka, glisirini haikauki. Kwa hiyo, nilijiambia, maji ndiyo sehemu dhaifu ya mchanganyiko huu, na mtu mwenye busara huondoa sehemu dhaifu. Nikampaka glisirini tupu, nikaipaka kwa ukarimu, nikampepea. Uso wa Clarisse ukang’aa vizuri mno. Mama Furaha aliporudi mbio, waimbaji wa kwaya wakiwa wamekwisha kuondoka, akatia poda na wanja bila kuupima uso kwa kidole, kwa kuwa muda ulikuwa umekwisha, na tukaingia kwenye gari la mjomba wa bibi harusi. Gari lile halikuwa na ubaridi wowote. Ni mimi niliyependekeza kioo cha dirisha la upande wa bibi harusi kishushwe, ili asitoe jasho.

Mbele yetu, kama ilivyo desturi, lilitangulia gari la mpiga video, mwenyewe ameketi nyuma, kamera imetuelekea, na dereva wake akienda taratibu kabisa ili picha isitikisike. Barabara ile ya udongo ilikuwa haijaona mvua kwa wiki kumi. Kila alichokitimua yeye, sisi tulikipokea. Nilikuwa nimekaa nyuma ya mjomba, beseni magotini, nikilitazama wingu lile kwa mapenzi ya kitaalamu, nikikadiria ukubwa wa chembe zake, na tulikuwa tumeukaribia mteremko wa mwisho wakati wazo liliponijia, kwa utulivu wa ajabu, kwamba nimempaka bibi harusi dawa ileile ninayozipaka sahani zangu ili zinase vumbi.

Tulishuka pembeni mwa kanisa. Clarisse alikuwa na rangi ya kiazi kilichochimbwa sasa hivi. Nyusi zilikuwepo, niliziona kwa sababu nilijua mahali pa kuzitafuta. Akaomba kioo, akajitazama kwa muda, na ndani ya kanisa waimbaji wakaanza wimbo wa pili wa kumngoja.

“Nani alinipaka mafuta?” akauliza, kwa ile sauti ya darasani, ya mwalimu anayeuliza alichokwisha kukijua.

Palikuwa na pengo kati ya ukuta wa kanisa na miti, na nyuma ya pengo njia iliyoteremka hadi barabara kuu, ambako mabasi ya Kigali hupita. Nililiona lote, tangu pengo hadi basi, kwa uwazi ambao sijawahi kuuona katika kitu kingine. Lakini nilikuwa nimeshika beseni. Lilikuwa limejaa, ndiyo maji pekee tuliyokuwa nayo, na mahali pale ni mteremko. Ningeliweka chini lingemwagika. Nikatafuta mtu wa kumpa. Shangazi alikuwa ameshika vazi lake, mjomba alikuwa ameshika kichwa chake.

“Ni mimi,” nikasema.

Mama Furaha akapitisha kidole kwenye shavu la Clarisse, akakinusa, akanitazama. Nilikuwa nikiungoja ule msonyo, niliuhitaji hata, lakini hakusonya. Alifunga kitambaa shingoni mwa Clarisse kulinda gauni na kusema, “Bon. Maji iko. Inama, mama.”

Akatenga kikombe kimoja cha maji safi, akamwosha kama anavyooshwa mtoto aliyerudi kucheza, mara mbili, na maji ya beseni langu yakageuka uji. Nami, kwa kuwa sikuweza kwenda popote na akili yangu haijui kukaa bure, nikaona kitu. “Mashavu yote mawili yalikuwa sawa,” nikasema.

“Sawa namna gani?” akauliza Clarisse kutoka ndani ya taulo.

“Dirisha lililofunguliwa lilikuwa upande mmoja tu. Shavu la dirishani lilipaswa kuwa na vumbi zaidi. Kama yako sawa, basi lile la dirishani lilijaa mapema likaacha kunasa, na jingine likalifikia. Yaani kabla ya mwisho wa safari…”

“Docteur,” akasema Mama Furaha, “funga kinywa, inua beseni.”

Clarisse alianza kutikisika mabega. Nilidhani analia, nikaanza kuomba msamaha kwa Kiswahili, kisha kwa Kinyarwanda, mpaka taulo lilipoondoka na nikaona kwamba anacheka, kicheko cha kukata pumzi. “Usiende popote,” akaniambia akijifuta macho. “Utashika kioo mpaka niingie. Nikikukosa hapa nakutafuta na hili gauni.” Kwa hiyo simulizi yake ya ubatizoni imekosea mahali ambapo yeye mwenyewe alikuwa shahidi. Nilishika kioo. Mama Furaha alirudia kila kitu tangu mwanzo, unyevu, matone mawili katika maji, kungoja, na kwa kuwa hapakuwa na chai tuliungoja wimbo wa tatu uishe. Bibi harusi aliingia kanisani akiwa amechelewa dakika ishirini, uso wake ukionekana kama uso wake, na ukoo mzima wa bwana harusi ukaamini kwamba waliochelewesha ni watu wa video.

Jumapili niliandika jibu la swali la profesa katika ukurasa mmoja na nusu: sahani hujaa, zibadilishwe adhuhuri, na hivi ndivyo itakavyothibitishwa. Lilikuwa jibu zuri. Nililisoma mara nne nikingoja ujasiri uje, na haukuja, ndipo nikalazimika kukubali jambo ambalo hoja zangu za miezi mitatu zilikuwa zimelizunguka kwa uangalifu: sikuwa nimenyamaza kwa kukosa jibu, wala kwa kukosa uso. Nilikuwa nikiona aibu kwa sababu nilitoka. Swali hilo la pili, kwa nini nilitoka, halikuwa na ukurasa wowote katika daftari, na nililiogopa kwa kuwa nilidhani linahitaji maelezo. Lakini siku iliyotangulia niliulizwa swali la namna hiyo mbele ya kanisa, na nilichojibu kilikuwa na maneno mawili, na ibada ilifanyika.

Jumatatu, saa mbili na nusu asubuhi, nikiwa nimenawa na sijapaka kitu, nilipiga simu ya kawaida, isiyo na picha. Iliita mara tano. Profesa akapokea, nyuma yake mlango ukafungwa, akataja jina langu kabla sijajitambulisha, kwa hiyo sentensi ya kwanza niliyokuwa nimeiandaa ikawa haina kazi, na ya pili ilitegemea ya kwanza.

“Profesa,” nikasema, “siku ile ya utetezi nilikimbia.”

“Najua,” akasema. “Nilikuwepo.” Nikasikia karatasi zikifunuliwa, bila haraka. “Alhamisi saa tatu una nafasi?”